Barua ya wazi kwa vijana mnaokwenda kupanga chumba kimoja

Wanangu,

Wengi wenu mmekosa nafasi hosteli za chuo, mmekutana kwenye kundi la WhatsApp, na sasa mnatafuta chumba Msewe, Changanyikiwa au Mabibo. Mnaulizana kozi, mkoa, Simba au Yanga. Ni vizuri, ila hayo hayavunji chumba. Kinachokivunja ni fedha na umeme, na hayo ndiyo mnayaonea haya.

Anzeni na fedha. Msiulizane nani anazo nyingi. Ulizaneni zinaingia lini. Mwenye mkopo wa Bodi ya Mikopo hupata bumu, yaani fedha ya kujikimu, kwa awamu, na ya kwanza mara nyingi huchelewa. Mwingine hutumiwa mwisho wa mwezi. Mwingine kwao ni wakulima, hela huonekana baada ya mavuno. Mwenye nyumba naye anataka miezi mitatu au sita kwa mkupuo, na dalali anadai kodi ya mwezi mmoja juu yake. Chumba cha laki moja, kwa miezi sita pamoja na dalali, ni laki saba. Mkiwa wawili, kila mmoja laki tatu na nusu kabla hamjanunua hata ndoo. Mmoja akimkopesha mwenzake, andikeni kiasi na tarehe ya kulipa siku hiyohiyo. Na majina yenu yote yaingie kwenye mkataba, maana asiyeandikwa ni mgeni tu, siku ya ugomvi anatolewa yeye.

Sasa LUKU, umeme wa kulipia kabla. Msikubali "tutachanga sawa" kabla hamjajua nani anakuja na kifaa gani. Someni wati zilizoandikwa nyuma yake: wati 1,000 kwa saa moja ni uniti moja. Feni ya wati 60 ikizunguka saa kumi hula uniti 0.6. Pasi ya wati 1,000 kwa nusu saa, nusu uniti. Jiko la koili la wati 1,500 likichemsha maharage saa mbili hufika uniti 3, sawa na feni usiku tano! Hapo ndipo mtu huanza kusema umeme unaibiwa. Lowekeni maharage usiku kucha yaive upesi, au changieni mtungi wa gesi wa kilo 6. Kila mkiingiza tokeni, pigeni picha mita na kuiweka kundini. Kama mita ni ya nyumba nzima, ulizeni kwanza utaratibu wa wapangaji mtakaowakuta.

Anayesoma usiku aje na taa ya mezani. Mgeni wa kulala, kubalianeni ni siku ngapi na nani atampisha kitanda.

Godoro la mtumba likaguliwe mishono kabla halijavuka mlango. Vidoa vyeusi kama vya wino ni kinyesi cha kunguni, na wakishajificha kwenye maungio ya kitanda, kuanika godoro juani peke yake hakuwamalizi.

Mambo haya yote pigianeni simu, msiandikiane tu. Na anayenyamaza kodi ikitajwa, mtafuteni pembeni, mmoja wenu, kwa upole. Huenda hata ada haijatimia.

Mzee wenu,
Sinza, Dar es Salaam