Barua ya wazi kwa vijana wangu wa darasa la filamu: anzeni na "mbona"

Wanangu,

Marahaba, na wale wa kwetu mwangaluka. Pepa zenu zote tisa za kuchambua filamu mlizoniachia Jumamosi hapa barazani Nyegezi nimezisoma, mbili mbili kila usiku baada ya chakula, na nimeona bora niwaandikie wote kwa pamoja kuliko kumwita mmoja mmoja maana tatizo lenyewe ni lile lile, hamna hoja kuu. Naandika wazi ili na wenzenu wa vyuo vingine wakikutana nayo iwasaidie, najua nao wanahangaika hivo hivo.

Filamu mliyochagua ni nzito na nawapongeza kwa hilo. Darwin's Nightmare, yaani Jinamizi la Darwin, dokumentari ya 2004 ya Hubert Sauper yule Mwaustria, imepigwa hapa hapa kwetu Mwanza, ziwa letu, sangara wetu, uwanja wetu wa ndege. Ikatembea dunia nzima, 2006 ikashindania Oscar, mwaka huo huo ikapewa tuzo ya César kule Ufaransa, na mwaka huo huo Rais Kikwete akaikemea hadharani na watu wakaandamana hapa mjini kuilaani. Wengi wenu mlikuwa hamjazaliwa au mnanyonya. Mi nilikuwepo.

Sasa pepa saba kati ya tisa zinaanza hivi, maneno yanatofautiana kidogo tu: filamu hii inaonyesha umaskini na athari za biashara ya sangara kwa jamii ya Ziwa Victoria. Saba wanangu! Hiyo sio hoja kuu, yaani lile dai moja ambalo pepa nzima inalitetea, hiyo ni habari. Mtu yeyote aliyeiangalia hata nusu ataitikia tu kwamba ndiyo, kuna umaskini mle, basi, mazungumzo yameisha hapo na wewe una kurasa nane mbele yako za kujaza, ndo maana kuanzia ukurasa wa pili wote mmeanza kusimulia. Kwanza inatokea hivi alafu inatokea hivi alafu rubani anasema hivi. Hiyo ni kazi ya yule DJ wa kibanda umiza anayetafsiri filamu kwa wasiojua lugha, na anaifanya vizuri sana, ila mwalimu wako wa chuo filamu ameshaiona. Anachotaka ni umwambie kitu ambacho yeye aliiona filamu na hakukiona, au alikiona akakielewa vingine, na akisoma sentensi yako asimame kidogo aseme hapana, hebu nithibitishie.

Hicho ndo kipimo changu mi siku zote: je, kuna mtu mwenye akili zake, ameiangalia filamu ile ile uliyoiangalia wewe, anaweza akakubishia? Kama hakuna wa kukubishia hujasema kitu bado.

Pepa mbili zilizobaki zinasema filamu ni ya uongo na imeidhalilisha Mwanza. Hapa nilikaa nazo muda mrefu, maana hasira hiyo naijua, nimeibeba.

Dada yangu mkubwa alifanya biashara ya mapanki kwa miaka kumi. Nyie wa siku hizi wengine hamyajui vizuri, kiwanda kinatoa minofu inapanda ndege kwenda Ulaya, kinachobaki ni kichwa na uti wa mgongo na mkia, hayo ndo mapanki, yanakuja kwa lori yanaanikwa juani kwenye vichanja alafu yanakaangwa yanauzwa. Kwa mapanki hayo dada alisomesha watoto watatu na akaezeka nyumba bati. Kwa hiyo 2006 niliposikia kuna mzungu ametengeneza filamu inasema Mwanza watu wanakula mabaki yenye funza, nilibishana kila nilipokaa, kwenye daladala, kanisani, stafu rumu, na nilikuwa sijaiona hata dakika moja. Nilikuja kuiona baadaye kwenye sidii ya kuazima, nikiwa na dada pembeni. Nilikuwa namwangalia yeye kuliko ninavyoangalia tv. Ikafika ile sehemu ya vichanja, mapanki yameanikwa, funza wale, matope, moshi. Dada akakaa kimya, alafu akasema hivi, na sitakaa nisahau: "Funza walikuwepo. Ila mbona naogopa mahali nilipofanyia kazi miaka kumi?"

Wanangu, sentensi ile ya dada, aliyeishia darasa la saba, ni bora kuliko sentensi za kwanza za pepa zote tisa. Angalieni alichofanya. Hakusema filamu ni kweli wala uongo, funza amewakubali. Hakusema inaonyesha umaskini. Amejishika mwenyewe akiwa anaangalia, akaona filamu imemfanyia kitu, imechukua mahali anapopajua kwa harufu na kwa jina la kila mtu ikapageuza pakamtisha, na akauliza imefanyaje. Jibu la swali hilo haliko kwenye soko la samaki Kirumba mwaloni wala kwenye takwimu za uvuvi. Liko kwenye kamera, kwenye sauti, na kwenye mpangilio wa picha, nini kimewekwa kabla na nini kimewekwa baada.

Hapo kwenye mpangilio nisikilizeni vizuri. Kuna Mrusi mmoja anaitwa Lev Kuleshov, miaka kama 100 iliyopita alichukua picha moja ya uso wa mwigizaji, uso mkavu tu, akaiunganisha na picha ya bakuli la supu, alafu uso ule ule akauunganisha na picha ya jeneza. Walioangalia wakasema huyu mwigizaji hodari, ona alivyo na njaa, ona alivyo na huzuni. Uso haukubadilika hata kidogo! Njaa na huzuni walileta wenyewe, kwa sababu picha mbili zikikaa jirani mtazamaji anatengeneza ya tatu kichwani mwake. Mkishalielewa hilo hamtaiangalia filamu ile kama zamani.

Maana sasa turudi kwetu. Filamu ile haina msimulizi, hamna ile sauti nzito ya dokumentari inayokuambia hapa ni wapi na wewe uamini nini, kuna maandishi machache kwenye kioo na sauti ya Sauper mwenyewe akiuliza maswali nyuma ya kamera. Na swali analorudia, mara kwa marubani mara kwa watu wengine, ni lile moja: hizi ndege zikija kuchukua samaki zinakuja na nini? Yule anasema zinakuja tupu, huyu hajui, mwingine anacheka. Katikati ya majibu hayo tunaonyeshwa Ilyushin, zile ndege kubwa za mizigo za Kirusi, zinatua, zinapaa, zinapita juu ya ziwa. Bunduki ikishushwa kwenye ndege Mwanza hatuioni hata mara moja. Lakini waulize walioiangalia, wengi watakuambia ni filamu ya ndege za silaha Mwanza, na wameamini.

Mbona wameamini kitu ambacho hawajaonyeshwa?

Mmeiona? Hilo ni swali la dada tu, limehamia sehemu nyingine ya filamu. Ukilijibu kwa sentensi moja umepata hoja kuu, kwa mfano: kwa kukataa kuweka msimulizi na kwa kurudia swali moja katikati ya picha za ndege, filamu inamwachia mtazamaji atoe yeye mwenyewe tuhuma ambayo kamera haikuweza kuithibitisha. Hiyo mtu anaweza kuibishia, na atakubishia kwa nguvu. Atakuambia wewe mwanafunzi, mbona mwishoni rubani mwenyewe anasimulia alivyopeleka vifaru Angola na akarudi na zabibu kutoka Johannesburg, huo sio ushahidi? Safi kabisa, usimkimbie huyo mtu, mlete ndani ya pepa yako ukurasa wa sita huko umjibu. Rubani kasimulia safari ya Angola, Mwanza hakuitaja, na kwa nini ushuhuda huo umewekwa mwishoni na sio mwanzoni? Ukiwekwa mwanzo unakuwa taarifa, ukiwekwa mwisho baada ya sisi kushuku karibu saa mbili unakuja kama jibu la swali tulilokuwa tunajiuliza wenyewe. Unaweza ukakubaliana nami au usikubaliane, ila hapo tayari tunaongea filamu.

Mmoja wenu, binti aliyeandika kwa kalamu ya kijani, ana aya moja katikati ya ukurasa wa nne imenifanya nisimame. Ameandika kwamba filamu inaanza na kivuli cha ndege kinatembea juu ya maji, tunakiona kivuli kwanza. Mstari mmoja tu alafu akaukimbia akarudi kwenye umaskini! Mwanangu, ulikuwa umeshika dhahabu ukaiachia. Kaa hapo. Kivuli ni kitu gani? Ni alama ya kitu kilichopo ambacho hukioni, kinapita juu ya ziwa kimya kimya, na ziwa halina la kufanya. Filamu nzima imekaa hivo, inatuonyesha kivuli cha jambo alafu inatuacha tutafute lenyewe. Na mnakumbuka kinachofuata, yule jamaa wa mnara wa kuongozea ndege anahangaika na mdudu kwenye kioo? Kazi yake ni kutazama angani na macho yake yako kwa mdudu. Sauper kaipata tu au kaitafuta, hatuwezi kujua na wala hatuhitaji kujua, tunachojua ni kwamba kaamua ibaki na ikae pale mwanzoni. Ungeanza pepa yako na kivuli kile ukauliza mbona tunaanza na kivuli, kurasa nane zisingekutosha.

Historia ya sangara pia mmenijazia, kuna mtu kaandika kurasa mbili nzima. Ni kweli sangara aliletwa ziwani miaka ya 1950 na 1960, na ni kweli alipozidi miaka ya 1980 akawamaliza furu wetu, wale samaki wadogo wa asili wa ziwa, mamia ya aina zake zikapungua au kupotea kabisa, na babu zenu waliokula furu wanajua kilichopotea. Ila kwenye pepa ya filamu hayo yaingie pale tu yanapofanya kazi. Kama hoja yako ni kwamba jina la filamu, lililomtaja Darwin yule mwanasayansi wa viumbe kushindania kuishi, linamgeuza samaki mla wenzake kuwa picha ya binadamu wa mjini, hapo sawa, mlete sangara, tena ulizia kama mfano huo ni wa haki, maana sangara hana uchaguzi na binadamu anao. Vinginevyo sentensi tatu zinatosha.

Na nyie wawili wa udhalilishaji, sijawaambia mwache hasira. Hasira ni dalili kwamba filamu imekugusa mahali, sasa tafuta imekugusa wapi, dakika ya ngapi, kwa picha gani. Neno "imedhalilisha" likiwa peke yake mwalimu atalipita. Ila ukisema filamu inawaacha wazungu wa kikao waongee wakiwa wamevaa suti kwenye ukumbi, na sisi inatukuta usiku, kwenye moshi, kamera imesogea mpaka usoni, na kwamba tofauti hiyo ya mwanga na umbali ndo inayotufanya sisi tuonekane wahanga tu hata tunapoongea kwa akili, hapo umeigeuza hasira kuwa hoja na mimi nitakaa chini nikusikilize. Alafu mtu atakubishia kwamba umbali ule ule wa kamera ndo uliotupa heshima ya kusikilizwa, maana wale wa ukumbini hatuwakumbuki hata mmoja na yule mlinzi wa usiku mwenye mishale hatumsahau. Mi mwenyewe kwenye hilo bado nayumba, kuna siku nakubali hivi kuna siku vile.

Neno "inaonyesha" naomba mlipumzishe. Kila likija kwenye kalamu jiulize filamu inafanya nini hasa: inaficha, inarudia, inachelewesha, inakatisha, inagonganisha, inamnyamazisha nani. Ukibadilisha kitenzi hicho kimoja utaona sentensi yenyewe inakudai maelezo.

Na msiandike hoja kuu kabla hamjairudia filamu. Najua inachosha. Rudieni mara ya kwanza kawaida, mara ya pili zimeni sauti kabisa muone picha zinasema nini peke yake, mara ya tatu geuzeni laptopu msikilize tu, injini zile za ndege, muziki, kelele za kiwanda. Kila mahali mwili wako ukishtuka andika dakika yake na mbele yake andika "mbona". Ukipata mbona kumi, zipo mbili tatu zitakuwa ni ndugu, zinauliza kitu kimoja, basi fuata hizo. Hoja ya kwanza utakayopata itakuwa mbovu, ni kawaida, utaiandika upya ukifika ukurasa wa tano na utaiandika upya tena ukimaliza.

Jumamosi njooni saa nne. Pepa msije nazo, kila mtu aje na sentensi moja kwenye karatasi na dakika tatu za filamu anazoona zinaibeba, tutaziangalia pamoja na kila mmoja atabishiwa na wenzake wanane. Dada naye atakuwepo, nimeshamwambia. Anayekuja na fleshi aje nayo, na laptopu zije zimechajiwa maana umeme wiki hii umekuwa wa kukatika katika.

Bibi yenu,
Nyegezi