Barua kwa Rehema: kabla hujamwita fundi wa pevingi

Kisasa, Dodoma
Oktoba

Mpendwa Rehema,

Salamu kwako, kwa shemeji na watoto. Hongereni sana kwa kuhamia kwenu. Kodi ya nyumba sasa mtaisikia kwa wenzenu. Picha za nyumba nimeziona, na ile ya bustani mnayoitaka nayo nimeiona: nyasi za kijani ukuta hadi ukuta, miwashoki imepangwa mstari kutoka getini. Inapendeza. Ila hiyo ni bustani ya Dar, shoga yangu, na wewe sasa ni mtu wa Nzuguni.

Huku mvua huanza Desemba, Aprili zimekwisha, na za mwaka mzima ni kama milimita 600 hivi, karibu nusu ya zile ulizozizoea. Miezi inayobaki ni jua na upepo wa vumbi. Zulia la nyasi litakunywa tangi lote, na siku ya mgao utachagua kati ya kumwagilia na kufua. Kama watoto lazima wapate pa kuchezea, weka kipande kidogo cha ukoka karibu na bomba la kufulia, basi.

Anza na kivuli. Saa kumi alasiri kaa sebuleni uone jua linaingilia dirisha lipi. Upande huo ndio wa mti wa kwanza, na mimi ningepanda mwarobaini, hatua kama kumi kutoka ukutani, mbali na shimo la choo. Watu huudharau kwa sababu uko kila mahali, lakini uko kila mahali kwa kuwa ukame hauuwezi. Mwashoki wenyewe hupanda juu tu. Kivuli chake hakimtoshi kuku. Na yule muuza miche akikushawishi mfikasi, kwamba unakua haraka na unakatika maumbo, mkatalie. Mizizi yake hufuata maji, hupasua mabomba na hata karo.

Pale mnapoegesha gari, msijenge banda la bati. Simamisheni mabomba ya chuma, mtandaze waya, mpandishe mizabibu. Mko Dodoma, mtakosaje zabibu? Hapa huvunwa mara mbili kwa mwaka, na ukiutunza, mzabibu huanza kuzaa ndani ya miaka miwili au mitatu. Shemeji atalalamika kwamba ndege wanachafua gari. Mwache alalamike.

Ukutani weka bogonvilia, maana kiu kidogo ndiyo huifanya ichanue. Minyaa ya uzio, ambayo utaiona huku vijijini, usiilete uani kwako wakati wale mapacha bado wadogo: utomvu wake ukiingia jichoni ni hatari kubwa.

Sasa udongo. Mafundi wakiondoka huacha saruji, chokaa na kokoto chini ya tabaka jembamba la mchanga, ukadhani ni ardhi safi. Chimba mashimo sasa, futi mbili kwenda chini na futi mbili upana, utoe kifusi chote, uchanganye udongo wa juu na samadi iliyokwisha kuoza. Mbichi itaunguza mizizi. Panda mvua ikishalowesha vizuri, tengeneza kisahani kuzunguka shina, kisha tandaza majani makavu. Maji ya kisima yaonje kwanza, mengi ya huku yana chumvi. Ukiona majani yanaungua pembeni, ujue ni hiyo. Bora mweke michirizi kwenye bati mapema, maji ya mvua yaingie kwenye tangi.

Pevingi iwe ya mwisho, tena njia ya gari na ya miguu tu. Ukisakafia uwanja mzima, joto la mchana litakaa hapo hadi usiku, na maji ya mvua yote yatakwenda kwa jirani.

Miche ya mwarobaini usinunue. Imejiotea mingi chini ya mti wangu, nitakutilia mitano kwenye viroba. Nitumie tu vipimo vya uwanja, na uniambie geti linatazama wapi.

Rafiki yako,
Mwanaidi