Barua ya wazi kwa wanangu mlioanza kupata, Unguja na Pemba

Assalaam alaykum wanangu.

Barua hii nawaandikia nyie vijana wa biashara, wenye maduka Darajani, wenye boti Nungwi, mliojenga vinyumba vya wageni Paje na Jambiani, na nyie wa kwetu Pemba mlioanza kununua mafuso na kuchukua tenda. Mie ni mzee wa duka la vifaa vya ujenzi, bati, saruji, misumari, mabomba, nilianza Wete mwaka 1986 na chumba kimoja cha kukodi, ruksa ya biashara imeshafunguka, na leo nna maduka matatu na watu 31 wanaokula kwangu, alhamdulillahi. Nayataja haya msije mkasema mzee huyu hana kitu ndo mana anawaonea choyo wenye nacho. Nnacho. Na hicho nnacho ndicho kinachonisemesha.

Juzi kwenye harusi Chake nilikaa jamvi moja na vijana watatu wenzenu, watoto wazuri, wachapakazi, wanazungumza pesa. Mmoja akasema masikini wa hapa shida yake uvivu. Mwengine akasema mie mshahara wangu ndo huo huo, asotaka aondoke, wapo kumi mlangoni wanangoja. Wakacheka. Mie nilinyamaza mana ilikuwa shughuli ya watu, lakini usiku ule usingizi sikuupata.

Nikwambieni nilivojifunza biashara, mie sikufunzwa skuli, nimefunzwa na mkarafuu. Msimu ukiwa mzuri na pesa ikaingia mikononi mwa wengi, yani yule mwenye kishamba cha eka tatu, yule kijana anaepanda juu akalipwa kwa pishi, yule mama anaechambua karafuu mpaka usiku wa manane vidole vinamnuka makonyo, vile vikonyo vya karafuu, basi wiki ile ile mie dukani nishajua. Anakuja mtu anataka bati nne, mwengine kumi, mwengine mifuko mitatu ya saruji apige sakafu chumba cha mamake, na fundi anapata, na mwenye gari ya ng'ombe anapata, na muuza khanga, na muuza mandazi nje ya duka langu anapata. Msimu ukifeli tunakaa vibarazani tunapiga soga mpaka jua linatua. Na tajiri wetu mkubwa kuliko wote pale mjini, Mungu amzidishie, miaka yote hii kaja kwangu kununua bati za nyumba yake mara moja. Mara moja tu, mana paa ni moja.

Yupo tajiri wa Marekani anaitwa Nick Hanauer, mtu wa Seattle, alikuwa miongoni mwa watu wa mwanzo walioweka pesa zao Amazon, na kampuni yake nyengine Microsoft waliinunua mwaka 2007 kwa zaidi ya dola bilioni 6. Mwaka 2014 aliwaandikia matajiri wenziwe barua, akawaambia mie kipato changu ni kama mara elfu ya Mmarekani wa kawaida, lakini sinunui vitu mara elfu, nyumbani kwangu tumenunua gari tatu sio elfu tatu. Akawaambia na hili, kwamba nchi ikishaachana hivi baina ya wa juu na wa chini basi itaishia ama kwenye utawala wa mabavu ama kwenye watu kuinuka. Wapo waliomkasirikia. Mie nilivosomewa na mjukuu wangu nilisema huyu bwana angekuja Wete msimu mmoja tu angeyaona yote haya bila ya kupiga hesabu.

Na hilo la watu kuinuka, wanangu, sie hatuhitaji kuhadithiwa na Mmarekani. Mwaka 1964, mwaka wa Mapinduzi, nilikuwa na miaka 12. Sitaki kufukua makaburi, kila nyumba ya visiwa hivi ina lake na kila mmoja analisimulia kivyake, lakini nchi ilikuwa na wachache wenye mashamba na wengi wa kuchuma kwa ujira, ikapasuka, na yaliyofuata watu walipoteza roho, wengine walipoteza makwao na hawajarudi mpaka leo. Kwahiyo nnapomsikia kijana wa miaka 30 anacheka kwamba wapo kumi mlangoni, mie sioni kichekesho, mie nauangalia ule mlango.

Sasa na mie niseme langu. Miaka ya 90 nilikuwa na kijana dukani, simtaji jina, kafanya kazi kwangu miaka tisa. Siku moja akaja kuniomba elfu kumi mtoto anaumwa, nikampa, alafu mwisho wa mwezi nikamkata yote kwenye mshahara na nikajiona nimemfanyia hisani. Baada ya miezi kijana mwengine wa dukani akaniambia mzee unajua fulani kwake kunavuja, mvua za masika wanalala kona moja na watoto. Miaka tisa anauza bati! Anabeba bati asubuhi anabeba bati jioni, na mie naemlipa sikuwahi kujiuliza kama anachopata kwangu kitamwezesha kununua hata moja. Alishaondoka nilipotaka kumtengenezea, alikwenda Arabuni, na nimemuomba radhi kwa simu tu. Hili linaniuma mpaka leo na ndo naandika.

Kwahiyo ubepari mie sio kwamba siujui, nimekula ndani yake. Ubaya wake ni kuwa unakufundisha kumuona mtu wako kama gharama, kama umeme, kama dizeli, ukimpunguza umefaidika. Lakini mshahara wa mtu wangu ndio mauzo ya jirani yangu, na mshahara wa mtu wa jirani ndio mauzo yangu, tukibana sote tunakaa sote vibarazani. Nyie wa mahoteli ndio zaidi, wageni wanashuka uwanja wa ndege kwa malaki kila mwaka, alafu mayai ya chai ya asubuhi yanatoka nje ya visiwa, tungule zinatoka nje, na mama wa mwani yuko pale pale mbele ya hoteli kiunoni maji, jua kali, kilo ya mwani kavu anauza kwa bei ya kutia huruma na wengine wanataka kumuondoa ufukweni kwa sababu eti anaharibu picha. Ufukwe ule kaukuta nyanya yake. Muulizeni anafuga kuku wangapi, mkopesheni banda, nunueni mayai kwake.

Serikali nayo nisiiache. Sie tulioishi miaka ya 70 tunajua serikali nayo inaweza kuwa bepari mkubwa kuliko wote. Karafuu ilikuwa inauzwa kwa serikali peke yake, bei ya dunia ilikuwa juu, Indonesia wananunua kwa ajili ya sigara zao, na mkulima anapewa sehemu ndogo tu. Sisemi pesa zote zilipotea, hapana, skuli bure tulipata na matibabu bure tulipata, majumba ya Michenzani yale pale, na televisheni ya rangi tuliwasha mwanzoni mwa miaka ya 70 wakati Bara walisubiri mpaka miaka ya 90. Lakini kule Mtambwe na Ole mwenye mkarafuu alikuwa anavaa kiraka, akachoka, akaacha kupalilia, wengine wakapakia mashua usiku kwenda Mombasa kwa magendo. Indonesia walipopanda yao wenyewe wakajitosheleza, bei ikaanguka, na sie mikarafuu yetu imeshazeeka.

Ndo mana mie bajeti ikisomwa Baraza la Wawakilishi siulizi ni bilioni ngapi, nauliza zitapita mikono ya nani kabla hazijaondoka kisiwani. Mwaka 2016 ilipoanza pencheni jamii, kila mzee alotimiza miaka 70 shilingi 20,000 kwa mwezi, watu wengi wenye pesa walinung'unika eti pesa za bure. Mie niliona kwa macho yangu bibi wa Micheweni kapokea asubuhi na kabla ya adhuhuri kashanunua unga, sukari, sabuni na daftari la mjukuu, yani ile pesa haikulala. Alafu angalieni tenda, kontrakta kaja na mashine zake na watu wake na mchele wake, kamaliza kalipwa kaondoka, na kijiji kimebaki na vumbi na deni la mama ntilie. Barabara tunaitaka, lakini nyie mnaochukua tenda ndogo chini yake semeni, andikeni, ulizeni kwa nini kokoto na vijana havikuchukuliwa pale pale.

Na mdomo wa kuiuliza serikali utaupata wapi kama risiti hutoi? Mama akinunua kitu cha kutozwa kodi, kodi imo mle ndani kashalipa, usipompa risiti ile pesa umeitia mfukoni, umemuibia yeye na skuli ya mwanawe. Warren Buffett, tajiri mwengine wa Marekani, na utajiri wake ule, mwaka 2011 alisema wazi kwamba yeye kalipa kodi asilimia 17.4 ya kipato na wafanyakazi wa ofisini kwake wastani asilimia 36, na akasema haifai. Zaka tunatoa, moja ya arubaini, na wengi wenu mnatoa najua, lakini zaka haimfutii mtu mshahara aliodhulumiwa.

Mie mwezi uliopita nimekaa na watu wangu wote 31, tukafungua daftari, nikawapandishia, faida yangu imepungua na bado nakula samaki kila siku. Nipo Wete dukani baada ya laasiri mpaka magharibi, isipokuwa Ijumaa, na anaetaka kubishana aje na hesabu zake, mie daftari la mishahara ntamfungulia.