Mwanangu, usiiogope bahasha

Mwanangu mpenzi Zuhura,

Salaam nyingi. Sisi huku hatujambo, ila baba yako goti linamsumbua kidogo, si jambo la kukutia wasiwasi. Barua yako nimeisoma na kuirudia. Unasema tangu wakuhamishie kitengo cha utafiti hupati usingizi mzuri, kwa sababu kazi yako ni kufungua bahasha, na hiyo bahasha ndiyo inayoamua mgonjwa yupi apate tiba mpya na yupi abaki na ile ya zamani. Unafikiria kuomba uhamisho, na unaniuliza, "Mama, hii si kucheza kamari na roho za watu?"

Ningesikitika kama usingeuliza. Lakini jibu langu ni hapana, na nitakueleza kwa urefu, maana nakujua, hukubali kitu kwa kuambiwa tu.

Nianze na watoto, kwa kuwa wodi yao ndiyo niliyozeekea. Analetwa mtoto ana homa kali, mikono na miguu ya baridi, mapigo yanakwenda mbio, ukimminya ukucha rangi inachelewa kurudi. Vitabu vilisema huyo ana mshtuko, yaani damu haizunguki vya kutosha mwilini, mtundikie dripu, maji mengi yaingie kwa kasi. Kanuni hiyo ilitoka katika nchi zenye vyumba vya wagonjwa mahututi, na ukiisikia inaingia akilini moja kwa moja: damu haifiki mwisho wa mwili, basi ongeza maji isukumwe. Kathryn Maitland, daktari wa watoto aliyekuwa akifanya kazi Kilifi, pamoja na wenzake wa Kenya, Uganda na Tanzania, wakaamua kuipima. Jaribio lao waliliita FEAST, na matokeo yalichapishwa mwaka 2011. Watoto 3,141 waligawanywa kwa kura katika makundi matatu. Kundi moja lilipewa maji yenye albumini (protini ya damu) kwa kasi, jingine maji ya chumvi kwa kasi, na la tatu halikupewa maji ya kasi kabisa. Hilo la tatu lilipata maji ya kawaida ya kutwa, antibayotiki, dawa za malaria na huduma nyingine zote kama wenzao.

Kama bahasha zile zingekuwa mikononi mwako, Zuhura, ungemlilia mtoto wa kundi la tatu. Nani asingemlilia? Mwenzake anatundikiwa chupa, yeye hatundikiwi. Basi sikiliza: zilipopita saa 48, katika yale makundi mawili ya maji ya kasi walikuwa wamefariki asilimia 10.6 na asilimia 10.5 ya watoto. Katika kundi la tatu, asilimia 7.3. Kamati huru iliyokuwa ikifuatilia takwimu ilishauri uandikishaji usimamishwe kabla idadi iliyopangwa haijatimia.

Kinachonishughulisha mimi mpaka leo si hizo asilimia, bali kilichogunduliwa kumbukumbu za watoto wale zilipopekuliwa upya. Saa moja tu baada ya kuanza matibabu, dalili za mshtuko zilikuwa zimeondoka kwa watoto wengi zaidi upande wa maji ya kasi. Yaani muuguzi aliyesimama pembeni ya kitanda aliona mtoto anapata nafuu, mikono inapata joto, mama anaanza kupumua. Muuguzi huyo angeapa kwa jina la Mungu kwamba dripu inaponya, na asingekuwa mwongo. Vifo vya ziada vilikuja baadaye, mzunguko wa damu ukizidiwa, na kila kifo wodini huwa na maelezo yake tayari: alichelewa kuletwa, malaria ilishampanda kichwani, damu ilikuwa kidogo. Tofauti ya watoto watatu katika kila mia haionekani kwa macho ya mtu, awe bingwa namna gani. Ilionekana kwa sababu palikuwa na watu wa kulinganisha nao, na hao wa kulinganisha hawakuchaguliwa na mtu.

(Neno moja kabla sijaendelea, maana nimesikia watu wakiyageuza matokeo haya. Mtoto aliyekauka maji kwa kuhara hahusiki. Wenye kuhara, wenye utapiamlo mkali na walioungua hawakuingizwa katika jaribio lile. Huyo wa kuhara anahitaji maji, mpe.)

Unauliza kwa nini daktari mwenyewe asichague, ilhali ndiye anayemjua mgonjwa. Kwa sababu hiyohiyo. Daktari mwenye huruma atampa tiba mpya yule aliye hoi zaidi, na mwenzake mwenye tahadhari atampa yule anayeonekana kuweza kuistahimili. Mwisho wa siku unalinganisha wagonjwa wa aina mbili tofauti, halafu unadhani umelinganisha dawa. Kura haina huruma wala upendeleo, haijui nani ndugu yake ni mkubwa serikalini. Bahasha zenu ni nene na zina namba za mfululizo kwa sababu zamani wapo watafiti waliozimulika kwenye taa wapate kujua kilichomo kabla ya kumwandikisha mgonjwa. Hawakuwa watu wabaya. Walikuwa kama wewe, wanataka kumsaidia aliye mbele yao.

Mfano wa pili unaukumbuka, ulikuwa umeshakua. Korona ilipoingia mwaka 2020 kila mtu alikuwa na dawa yake. Haidroksiklorokwini, dawa ya zamani ya malaria, ilisifiwa hata na marais. Uingereza, watafiti wa Oxford wakiongozwa na Peter Horby na Martin Landray walianzisha jaribio la RECOVERY mwezi Machi mwaka huo, wakalieneza hospitali kwa hospitali, fomu fupi, kura kwa kompyuta. Kufikia Juni walikuwa na majibu. Katika kundi la haidroksiklorokwini walifariki asilimia 27 ndani ya siku 28, na waliopata huduma ya kawaida asilimia 25. Hakuna faida. Deksamethasoni, dawa ya miaka mingi ambayo haina mtu wa kuitangaza, ilipunguza vifo kwa theluthi moja miongoni mwa waliokuwa kwenye mashine ya kupumulia, na kwa moja ya tano miongoni mwa waliokuwa wakipewa oksijeni. Lakini waliokuwa wanapumua wenyewe bila oksijeni hawakufaidika nayo, na takwimu zilielekea upande wa madhara. Kidonge kilekile kilimwokoa mmoja, na mwingine hakikumpa chochote cha maana. Sasa niambie, bila kura, nani angeweza kuyatenganisha hayo mambo matatu ndani ya miezi mitatu, katikati ya hofu ile? Hospitali nyingi duniani ziligawa dawa zilizosifiwa kwa maelfu ya watu pasipo kulinganisha na chochote, na mwisho hazikujifunza kitu. Kwangu mimi, kamari ilikuwa ile.

Lakini hoja yako ina upande wa kweli, na sitaki kuufunika. Kuna wakati kumnyima mtu tiba ni dhambi, kura au si kura. Marekani, kule Tuskegee, kuanzia 1932 hadi 1972 wanaume weusi karibu 400 wenye kaswende waliachwa bila tiba ili watafiti wachunguze ugonjwa unavyokwenda, na penisilini ilipopatikana na kujulikana inaponya, hawakupewa. Wala hawakuambiwa ukweli wa ugonjwa wao. Pale hapakuwa na swali la tiba lililokuwa likitafutiwa jibu. Jibu lilikuwapo, wakalificha. Hilo ndilo la kulala macho kwa ajili yake, na ndiyo sababu leo kila jaribio lina kamati ya maadili, ridhaa ya mgonjwa, na haki ya kujitoa wakati wowote bila kuulizwa.

Na sheria yake si ngumu. Ukishakuwa na tiba iliyothibitika, huruhusiwi kuilinganisha tiba mpya na kutotoa chochote. Angalia walivyofanya kwenye sindano ya lenakapaviri ya kujikinga na VVU, ile inayochomwa mara mbili kwa mwaka. Jaribio la PURPOSE 1 lilifanyika Afrika Kusini na Uganda kwa wasichana na wanawake wa miaka 16 hadi 25. Vidonge vya kumeza kila siku tayari vilikuwapo na vinajulikana vinakinga vikimezwa, kwa hiyo hakuna msichana aliyepewa sindano tupu na vidonge vitupu kwa pamoja. Waliopata sindano ya kweli walipewa vidonge visivyo na dawa, na waliopata vidonge vya kweli walichomwa sindano isiyo na dawa, hivyo mshiriki hakujua yuko upande gani na mhudumu pia hakujua. Ili wajue hali ingekuwaje pasipo kinga, walitumia kiwango cha maambukizi mapya walichokiona kwa wasichana waliojitokeza kupimwa kabla ya kuandikishwa. Matokeo yalitoka mwaka 2024. Kundi la sindano lilikuwa na washiriki 2,134, na hakuna hata mmoja aliyeambukizwa. Katika makundi mawili ya vidonge, kila moja na aina yake, waliambukizwa 39 kati ya 2,136 na 16 kati ya 1,068, kwa sehemu kubwa kwa sababu kumeza kila siku kuliwashinda wengi. Kamati ya kufuatilia takwimu ilipoyaona hayo, siri ya nani yuko kundi gani ikafunguliwa mapema na washiriki wote wakapewa nafasi ya kupata sindano. Mwezi Julai 2025 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza.

Wakati mwingine anayepigiwa kura si mgonjwa. Hili nakuandikia kwa kuwa najua unapenda mambo ya wakunga kuliko ya dawa. Mama akijifungua akatokwa damu nyingi, tatizo la kwanza ni kwamba tunakadiria kwa macho. Damu imelowa kwenye kanga, nyingine sakafuni, nyingine imeingia kwenye beseni pamoja na maji, nawe unasema "si nyingi sana." Katika jaribio la E-MOTIVE, lililotolewa mwaka 2023, zilihusika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, na akina mama zaidi ya 210,000. Kura ilipigwa kwa hospitali nzima. Zile zilizoangukia upande mpya zilipewa shuka la plastiki la kutandika chini ya mama, lenye mfuko uliochorwa mistari ya kipimo, damu inateremkia humo unaisoma. Ikifika kiwango cha hatari hungoji kujaribu hatua moja halafu nyingine. Unakanda tumbo la uzazi, unatoa oksitosini ya kubana mji wa mimba, asidi ya traneksamiki ya kusaidia damu igande, na dripu, unakagua inakotoka damu, yote kwa mfululizo mmoja. Hospitali hizo ziligundua asilimia 93 ya waliotokwa damu nyingi, na zile za utaratibu wa kawaida asilimia 51 tu. Kumwaga damu kufikia lita nzima, kupasuliwa kwa sababu yake au kufa nayo, yote yakihesabiwa pamoja, kulishuka kutoka asilimia 4.3 hadi 1.6. Shuka la plastiki, Zuhura! Hakuna dawa mpya hata moja humo.

Sasa kuhusu fomu ya ridhaa. Umeniambia wamekufundisha kuisoma yote, kisha unaelekeza mahali pa kutia saini au dole gumba. Isome, ndiyo, lakini anza na neno lisilopendwa na hospitali: hatujui. Mwambie mgonjwa, "Tiba hizi mbili, hatujui ipi bora. Tungejua tungekupa." Kama huwezi kuyasema hayo ukimtazama usoni kwa kuwa moyoni unaamini moja ni bora na ushahidi upo, basi usimwandikishe, nenda kwa msimamizi wako umwulize. Mwulize pia mgonjwa akurudishie kwa maneno yake mwenyewe alichoelewa. Wengi wanadhani wamechaguliwa kwa sababu daktari amewapenda, na ukiwaacha na dhana hiyo umewadanganya japo karatasi imetiwa saini. Na kama ni dharura, mzazi kashika mtoto anayezimia, usimpe kurasa kumi asome. Kwenye FEAST waliruhusiwa kuomba ridhaa ya mdomo kwanza, ile ya maandishi ikafuata hali ilipotulia. Uliza kama na kwenu utaratibu huo umeidhinishwa.

Kuomba uhamisho, mimi nasema subiri kwanza. Niandikie jaribio lenu linalinganisha tiba gani na gani, nani anazitazama takwimu katikati ya safari, na ni matokeo yapi yatakayowafanya wasimamishe. Kama hakuna anayeweza kukujibu hilo la mwisho, hapo nitakuunga mkono uondoke. Na hiyo fomu unayolalamikia urefu wake, andika mapendekezo ya kuifupisha uyapeleke kwa kamati ya maadili, ni haki yako kama mtumishi. Baba yako anakusalimu sana, anauliza kama ile redio aliyokutumia ilifika salama.

Mama yako