Mbio ndefu zisimngoje mgeni wa heshima

Kwako Mhariri,

Naomba nafasi nizungumze na wanaopanga michezo ya vyuo hapa Malindi na Pwani kwa jumla. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili katika chuo kimoja cha ufundi mjini, na ni mwanachama wa klabu yetu ya mbio za masafa marefu. Ombi langu ni moja: mbio za mita 5,000, za mita 10,000 na zile za nyika zianze mapema, jua likichomoza, na zisisogezwe mbele kumngoja mtu yeyote.

Asiyekimbia huenda akaliona jambo hili dogo. Ratiba husema saa mbili asubuhi. Saa mbili ikifika sisi tuko tayari, jezi mwilini, miili imekwisha pashwa moto. Hapo ndipo hutangazwa kwamba mgeni wa heshima yuko njiani. Tunakaa. Saa tatu inapita, saa nne inapita, na kivuli hatuna kwa sababu hema ni la wageni. Akifika kuna dua, kuna utambulisho, kuna hotuba, kisha kuna hotuba ya kumshukuru aliyehutubu. Tunapoitwa mstarini jua li utosini, na mbele yetu kuna mizunguko 25 ya uwanja usio na mti hata mmoja.

Katika mashindano yetu ya mwisho, mwenzetu mmoja wa klabu, msichana mwenye mbio ambazo wengi wetu tunazionea wivu, alianza kuyumba ikiwa imebaki mizunguko michache. Tulidhani ni uchovu. Kisha akageuka, akaanza kukimbilia alikotoka. Tulipomshika alikuwa akisema maneno yasiyoeleweka na ngozi yake inachoma kuigusa. Akatiwa ndani ya gari na kuanza kupelekwa hospitali, huku mmoja wetu akimpepea kwa leso. Alipona, namshukuru Mungu. Lakini hakuna aliyetuuliza mbio zile zilianza saa ngapi.

Misuli inapofanya kazi, sehemu kubwa ya nguvu inayotumika, takriban robo tatu, hugeuka joto. Joto hilo lazima litoke. Moyo husukuma damu kwenye misuli ili miguu iende, na papo hapo husukuma damu kwenye ngozi ili mwili upoe, na damu ni ile ile. Jasho nalo hupoza pale tu linapokauka mwilini. Sisi wa huku twajua hewa yetu ilivyo na unyevu, hasa mwisho wa kaskazi, upepo unapolala na fukuto kushika mji mzima. Jasho linadondoka chini badala ya kukauka, na jasho linalodondoka halikupunguzii joto hata kidogo. Hapo hata maji unayokunywa hayatoshi. Wengi wetu hunywa madafu, na madafu ni mazuri, ila chumvi yake ya kawaida ni kidogo kuliko ile inayotoka na jasho, kwa hiyo tumezoea kula kitu chenye chumvi pamoja nayo.

Anayedhani ni ulegevu wa vijana wa chuo na akumbuke Mombasa, tarehe 24 Machi 2007. Mbio za nyika za dunia zilifanyika katika uwanja wa gofu wa Mombasa, na Kenenisa Bekele wa Ethiopia alikuja akiwa amechukua ubingwa wa mbio ndefu za wanaume miaka mitano mfululizo. Joto lilimshinda, akajitoa katika mzunguko wa mwisho, na Zersenay Tadese wa Eritrea akashinda. Mtu aliyekulia Bekoji, kwenye baridi ya milimani, mkimbiaji bora wa nyika wa zama zake, alisimamishwa na hewa hii hii tunayoivuta kila siku.

Wenye mashindano makubwa wamekwisha jifunza. Mwaka 2019 huko Doha, marathoni ya wanawake ya ubingwa wa dunia ilianza karibu saa sita usiku ili kulikwepa jua, na bado wakimbiaji 28 kati ya 68 hawakumaliza. Kwa Olimpiki ya Tokyo, marathoni ilihamishiwa Sapporo, karibu kilomita 800 kaskazini, kwa sababu ya joto. Hata huko, joto lilipozidi, jioni ya kuamkia mbio za wanawake waandalizi waliamua zianze saa kumi na mbili badala ya saa moja asubuhi. Peres Jepchirchir wetu alishinda mbio hizo tarehe 7 Agosti 2021. Michuano ya dunia nzima, yenye matangazo ya televisheni yaliyolipiwa, iliweza kusogezwa saa nzima kwa tangazo la jioni moja. Sisi twashindwa kuanza kwa wakati tuliojipangia wenyewe.

Kuna jambo jingine linaloniuma. Kila matokeo yakitoka, husemwa kwamba watu wa Pwani si wa mbio ndefu, kwamba hizo ni za watu wa Iten na Eldoret. Sikatai faida ya mwinuko; Iten iko takriban mita 2,400 juu ya usawa wa bahari na sisi tuko usawani penyewe. Lakini saa inayotuhukumu ni ya mbio zilizokimbiwa adhuhuri. Mwaka 2019 Eliud Kipchoge alipokimbia marathoni chini ya saa mbili kule Vienna, siku na saa vilichaguliwa kwa kuangalia hali ya hewa, na asubuhi ile palikuwa na baridi. Mkimbiaji bora duniani alitafutiwa baridi. Mwanafunzi wa Malindi anatafutiwa jua la saa sita, kisha muda wake unaandikwa kama kwamba ndio uwezo wake.

Na mazoezi tunafanya. Tukiwa barabarani tunaelekea nguzo ya Vasco da Gama na kuendelea na Casuarina kabla magari na bodaboda hazijajaa. Tukitaka ufuo tunaangalia kwanza mwezi, kwa sababu siku za bamvua, yaani mwezi ukiwa mchanga au mpevu na maji yakijaa na kupwa sana, bahari huwa imejaa alfajiri na mchanga unaobaki ni ule laini unaokula miguu. Maji mafu, yaani siku za nusu mwezi maji yanapojaa na kupwa kidogo, ndiyo hutupa mchanga mgumu mapema. Ramadhani tunasogeza mazoezi hadi karibu na magharibi ili tufungue mara tu tukimaliza. Mwili nao huzoea. Baada ya siku 10 hadi 14 za kukimbia katika joto, majimaji ya damu huongezeka, jasho huanza mapema na chumvi yake hupungua. Hiyo ni akiba yetu sisi wa Pwani. Lakini kuzoea joto kuna mpaka, na adhuhuri ya Machi uwanjani iko ng'ambo ya mpaka huo.

Najua majibu tutakayopewa. Vyuo vingine vinatoka mbali, Lamu au Hola, na hawawezi kufika alfajiri. Basi waje jana yake, walale mabwenini mwetu. Tutawapisha vitanda, na tumewahi kufanya hivyo. Ikishindikana, mbio ndefu ziwekwe saa kumi na moja jioni, upepo wa bahari ukiwa umeamka. Mgeni naye atakuta mbio fupi, kuruka, kutupa kisahani na mpira. Hatakosa cha kutazama wala medali za kuvisha. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji hawezi kupona akiwa ameanguka kwa kumngoja mgeni.

La mwisho ni barafu. Mtu aliyezidiwa na joto la mbio anapaswa kupozwa palepale, kabla ya kupandishwa gari, kwa sababu dakika za mwanzo ndizo zinazookoa ubongo. Pipa kubwa la plastiki lililokatwa, maji, na barafu ile ile wanayoweka wauza samaki wetu: mgonjwa anatumbukizwa hadi kifuani, kichwa kikishikwa, huku daktari akiitwa. Kusipokuwa na pipa, leso zilizochovywa katika maji ya barafu zifunikwe mwili mzima na kubadilishwa mara kwa mara. Gharama yake haifiki hata kodi ya viti vya hema.

Kikao cha kupanga ratiba ya muhula ujao hakijafanyika. Tunawaomba walimu wa michezo watakaohudhuria waandike saa ya kuanza mbio ndefu kwenye barua ya mwaliko wa mgeni, ili ajue tangu mwanzo kwamba hatutamngoja. Na waandike pipa la barafu kwenye bajeti. Klabu yetu iko tayari kulibeba.

Mwanafunzi mkimbiaji,
Malindi