Kwa nini hatuprinti fremu za bastola

Ombi hili linatufikia mara kwa mara: mteja anatuma faili kwa simu, anasema ni kipuri tu, anataka plastiki ngumu. Tukiifungua, ni fremu ya bastola, yaani kiunzi kinachobeba vipuri vyake vingine. Jibu letu ni hapana, hata uongeze dau. Hatukudhanii mabaya, sheria za jimbo hili la Washington zinatubana sisi wenye printa za 3D, na wewe pia.

Sheria ya 2019 ilikataza kutengeneza silaha isiyonaswa, yaani ile ambayo mashine ya kukagua chuma haiigundui kama inavyogundua kipande cha chuma cha gramu 105 hivi. Kipimo hicho kinatoka kwenye sheria ya shirikisho ya 1988, enzi ambazo printa ya 3D ya mezani haikuwapo. Sheria hiyohiyo ya 2019 ilikataza kutengeneza silaha isiyo na namba ya utambulisho kwa nia ya kuiuza. Aliyejitengenezea mwenyewe akabaki na mwanya, na huo ndio wateja wengi wanaotusomea mpaka leo.

Mwanya ulizibwa 2022, Gavana Jay Inslee aliposaini sheria nyingine. Tangu 10 Machi 2023, kukutwa tu na silaha isiyo na namba, au fremu ambayo haijakamilika na haina namba, ni kosa. Mara ya kwanza ni faini ya dola 500. Ukirudia, inageuka jinai. Kutengeneza silaha isiyonaswa ni jinai nzito tangu mara ya kwanza.

Namba ya silaha inafanya kazi kama namba ya chasisi ya gari: polisi wakiiokota, wanaifuata kutoka kiwandani hadi dukani hadi kwa mnunuzi wa kwanza. Kuna anayesema atatia kipande cha chuma ndani ya plastiki. Sawa, mashine italia, lakini namba iko wapi?

Ndugu zetu ambao hamjapata uraia, hili liwaguse zaidi. Kutiwa hatiani kwa kosa la silaha kunaweza kukufukuzisha Marekani, hata kama una grinikadi.

Kama tayari unayo isiyo na namba, usituletee. Hatuna leseni ya kuigonga namba. Anza na wakili, kisha muuza silaha mwenye leseni ya shirikisho.

Bastola ya igizo la kanisani tunaprinti: kipande kimoja kisicho na tundu, rangi ya chungwa. Unapotuma faili, tuandikie kifaa kinakwenda kufanya kazi gani. Kila faili tunalifungua kabla ya kutaja bei.