Herufi bila kredi si wastani

Bwana Mhariri,

Ninasoma gazeti lako miaka kumi na minane sasa, na sijawahi kukuandikia hata mstari mmoja. Ile habari ya Jumanne kuhusu vijana wanaotafuta nafasi ya kusoma ng'ambo imenitoa kimya. Mmewaambia watoto wetu wageuze A kuwa 4, B kuwa 3, C kuwa 2, D kuwa 1 na F kuwa 0, wajumlishe, kisha wagawanye kwa idadi ya masomo ili wapate wastani wao, ule unaoitwa GPA. Kredi ziko wapi, yaani namba inayoonyesha uzito wa kila somo?

Kosa hilohilo lilimuumiza binti wa dada yangu mwaka jana. Alisoma nje, akarudi hapa Lubumbashi na karatasi yenye herufi tupu na kredi zake. Fomu aliyotaka kujaza ilidai wastani wa muhula wa mwisho usiopungua 3. Kijana wa duka la kopi huku Katuba akampigia hesabu: A, B, D na D, yaani 4 na 3 na 1 na 1, jumla 9, gawa kwa masomo manne, 2.25. Mtoto akakunja karatasi, akalia, tarehe ikapita. Alipokuja kwangu ilikuwa wiki mbili baadaye. Nafundisha hesabu, nikachukua chaki. Ile A ilikuwa ya somo la kredi 8, basi 8 mara 4 ni 32. B ya kredi 6 inatoa 18. D mbili, kila moja ya kredi 2, zinatoa 2 na 2. Jumla 54, kredi zote ni 18, 54 gawa kwa 18 ni 3 kamili. Alikuwa amefika! Akaniuliza, "Mjomba, mbona hakuna aliyeniambia?" Siku hiyo chakula hakikupita. Mama wa soko la Kenya, hapahapa Lubumbashi, anayenunua kilo 8 za unga kwa bei moja na kilo 2 kwa bei nyingine hajumlishi bei mbili akagawanya kwa mbili. Anajua kilo zina uzito wake. Sisi tuliosoma tunasahau vipi?

Kuna na jambo lingine linaloniudhi. Ili kupata wastani huo, watu wanachukua asilimia zetu, wanazidisha kwa 4 na kugawanya kwa 100. Mwanafunzi aliyepata 70 kwa mia, ambayo kwetu ni distinksioni, yaani alama ya juu ambayo nyumba nzima ingeipigia makofi, anatoka na 2.8 na kuonekana mzembe. Tena wengine hawaandiki kama wastani huo ni juu ya 4 au juu ya 5, yaani kama alama ya juu kabisa ni 4 au 5, wakati vyuo vingi vya Uganda na Tanzania vinahesabu juu ya 5. Bila namba hiyo ya chini, 3.6 haisemi kitu.

Naomba masahihisho yatoke Jumanne ijayo, ukurasa uleule, herufi kubwa zilezile. Chora jedwali la safu nne: somo, kredi, pointi za herufi, na kredi mara pointi. Chini andika jumla ya safu ya nne gawa kwa jumla ya safu ya pili. Tumia masomo yale manne ya binti yetu, ameniruhusu. Na tangu mfumo wa LMD (Licence, Master, Doctorat, ngazi tatu za chuo kikuu) uenezwe nchini mwaka wa masomo 2021-2022, mwaka mmoja una kredi 60, kwa hiyo hata wanaosoma hapahapa watalihitaji jedwali hilo. Nitalikata na kulibandika ukutani darasani kwangu.

Mwalimu wa hesabu, Katuba, Lubumbashi